Shoo, maonyesho, ekspo: unapolipa kiingilio, unalipia nini?

Msimu wa Shoo ya kilimo ya Mkomani ukikaribia, maswali ya watu wa Mombasa huwa yale yale. Kiingilio mwaka huu ni pesa ngapi? Watoto watalipa nusu? Na kwa nini mtu alipishwe mlangoni ndipo aingie kuuziwa vitu, ilhali sokoni Kongowea anaingia bure na kuuziwa vile vile? Swali hilo la mwisho ni la msingi, na siku hizi limezidi kuwa gumu. Mabango ya barabarani yanatangaza ekspo ya harusi, ekspo ya nyumba na viwanja, ekspo ya vyuo vya ng'ambo, ekspo ya utalii. Nyingine hufanyika siku mbili tu katika ukumbi wa hoteli Nyali au Bamburi, nyingine kwenye uwanja wa wazi. Nyingine bure, nyingine kwa tiketi. Na Dubai ilipoandaa Ekspo yake kubwa, haikuwa ajabu kumsikia mtu akiuliza kama huko ndiko vitu vitakakouzwa kwa bei ya kutupa, maana kwa wengi wetu Dubai ni mahali pa kwenda kufunga mzigo.

Jambo hili linastahili kufumuliwa taratibu, kwa sababu kulichanganya kuna hasara. Wako wanaotoa pesa kwa kuwa tu bango limeandikwa ekspo.

Maana kwanza

Maonyesho ni vitu kupangwa mahali pamoja, kwa muda uliotangazwa, ili watu waje wavitazame na kuviulizia. Hilo ndilo la lazima. Kuuza na kununua kunaweza kuwepo, kunaweza kusiwepo kabisa. Sokoni mambo ni kinyume: kuuza ndiyo kazi, na mtu wa kutazama bila kununua huvumiliwa tu na mwenye meza. Makumbusho nayo ni maonyesho, ila hayafungwi baada ya wiki. Ukikosa leo utakwenda mwezi ujao.

Ekspo ni kifupi cha neno exposition, ambalo Kiingereza na Kifaransa vimelirithi kutoka Kilatini, na asili yake ni kuweka kitu nje kikaonekana. Kwa hiyo neno hilo lina kazi nyingi mbali na biashara. Katika Kanisa Katoliki ni Ekaristi kuwekwa wazi altareni ili waumini waiabudu. Katika hadithi ni ile sehemu inayomjulisha msomaji nani ni nani na mambo yanatokea wapi. Katika muziki wa okestra wa Ulaya ni mwanzo wa utungo, pale tuni zake kuu zinaposikika mara ya kwanza. Shuleni, insha ya kufafanua jambo huingia humo humo. Hayo tuyaache hapo, kwani aliyeshika tiketi mkononi anataka kujua habari za mabanda.

Ni posa, bado si harusi

Ukitaka kuelewa maonyesho ya biashara, yafikirie kama posa. Wazee wanapokwenda kuposa hakuna anayetarajia kurudi na bibi harusi jioni ile. Wanakwenda kuonana, kuulizana, kupima maneno ya upande wa pili na kuona nyumba yenyewe imekaaje. Mahari, tarehe na nikaha huja baadaye, na pengine haviji kabisa.

Vivyo hivyo, mwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya nazi anayesimama bandani siku tatu hahesabu faida yake kwa chupa alizouza. Anahesabu hoteli zilizoomba sampuli, maduka yaliyochukua nambari yake ya simu, mnunuzi wa Nairobi aliyeuliza kama anaweza kutoa lita elfu kwa mwezi. Anaweza kufunga banda bila kuuza kitu na akarudi nyumbani ameridhika kabisa. Na jirani yake aliyemaliza bidhaa zote siku ya kwanza anaweza kuwa ndiye aliyepata hasara, ikiwa alitumia siku hizo kurudisha chenji badala ya kuzungumza na wanunuzi wakubwa.

Sasa fuata pesa, na swali la kiingilio litajijibu lenyewe. Mwandaaji hukodi uwanja au ukumbi, akaugawa vipande, kisha akauza vipande hivyo kwa mita ya mraba. Kipande cha kona au kilicho karibu na mlango huwa ghali zaidi, kwa sababu kila mgeni atapita hapo. Juu ya kodi hiyo kuna pesa za wadhamini, ambao nembo zao unaziona kwenye kila bango, na kuna kiingilio chako. Kwa hiyo mwandaaji ana wateja wa aina mbili. Kwa mwenye banda anauza watu: wewe na mimi tunaopita mbele ya meza yake. Kwetu sisi anauza muda: makampuni ambayo ungeyazungukia wiki nzima, kutoka Changamwe hadi Shanzu, amekuwekea mahali pamoja. Ukienda na maswali yako, kiingilio hicho ni rahisi. Ukienda bila swali lolote, umelipia matembezi, na matembezi nayo si dhambi, mradi uyajue kwamba ni matembezi.

Maonyesho mengine hutenga siku za mwanzo kwa wafanyabiashara peke yao na kufungulia umma mwishoni. Mengine hayafungulii umma kabisa. Kabla ya kupanda matatu, tazama kwenye tangazo ni siku zipi za nani.

Majina yanayochanganya

Shoo ya Mombasa inayofanyika Mkomani ni ya ASK, chama cha kilimo chenye asili yake mwaka 1901, enzi za walowezi. Shoo za chama hicho zina kitu ambacho ekspo za hotelini hazina: mashindano. Ng'ombe, mbuzi na kuku huletwa mbele ya waamuzi, wakapimwa umbo na afya, na washindi wakatunukiwa. Mabanda yenyewe pia hushindanishwa. Idara ya Magereza huleta samani zilizotengenezwa na wafungwa, taasisi za utafiti huleta mbegu na miche, na mkulima wa Kwale au Kilifi anaweza kumuuliza mtaalamu uso kwa uso kwa nini minazi yake inakauka, bila kupanga miadi na mtu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa ya Mkomani, na inasikitisha kwamba watu wengi hupita mbele ya mabanda hayo haraka haraka wakielekea kwenye mabembea na muziki.

Majina rasmi hayasaidii. Shoo ya Nairobi pale Jamhuri Park ni ndugu wa damu wa Shoo ya Mkomani, lakini kwa Kiingereza huitwa maonyesho ya kimataifa ya biashara, huku hii yetu ikibaki na jina la shoo. Tanzania wamegawa vizuri zaidi: Sabasaba kule Dar es Salaam ni ya biashara, Nanenane ni ya wakulima, na tarehe imo ndani ya jina. Hata hivyo Sabasaba mtu hununua sufuria na kuondoka nayo, kwa hiyo usishangae kuona maonyesho na soko vikiwa vimekaa uwanja mmoja.

Na neno kimataifa? Wengi huamini kwamba tukio likiitwa la kimataifa basi kuna chombo fulani duniani kilichokagua na kuidhinisha. Sivyo. Mara nyingi maana yake ni kwamba wamo washiriki kutoka nchi nyingine, au waandaaji wanatumaini watakuwemo. Neno ekspo nalo halina mwenyewe. Mtu yeyote mwenye ukumbi na mabango anaweza kulitumia.

Banda si cheti

Imani inayowaumiza watu zaidi ni hii: kwamba kampuni iliyoonekana kwenye ekspo imeshachunguzwa. Kumbuka tulivyosema kuhusu mita za mraba. Kuwepo bandani kunathibitisha kwamba mtu alilipa kodi ya banda. Waandaaji wengine huchuja washiriki wao kwa makini, na wanastahili sifa kwa hilo, lakini mgeni hawezi kujua kwa kutazama zulia na taa.

Chukua viwanja na nyumba. Mombasa ina historia yake: kuna mitaa ambayo mtu anamiliki nyumba lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba. Mpangilio huo ni wa miaka mingi na unajulikana hapa, lakini aliyetoka bara na kukuta picha nzuri za nyumba bandani anaweza asijue hata kuuliza. Kwa hiyo uliza waziwazi: nauziwa jengo, au jengo na ardhi? Omba nambari ya hati, kisha ufanye upekuzi wako mwenyewe kwenye sajili ya ardhi ya serikali. Muuzaji anayekuambia punguzo linaisha saa kumi na mbili jioni banda likifungwa, anakuharakisha ili usifike kwenye sajili.

Ajira za Ghuba ni nyeti zaidi, maana hapo kinachowekwa rehani ni mtu. Wakala wa kupeleka wafanyakazi nje anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hakikisha jina lake kwenye orodha ya Mamlaka kabla hujampa pasipoti wala pesa, na usiridhike na karatasi iliyobandikwa ukutani mwa banda. Kwa vyuo vya ng'ambo, uliza kabla ya ada kama shahada yao itatambuliwa hapa nchini. Kwa vyakula, vipodozi na vifaa vya umeme, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye bidhaa yenyewe. Kitu kilichokuwa kibovu dukani hakigeuki kizuri kwa kuhamishiwa ukumbini.

Ekspo kubwa ya dunia ni jambo lingine

Tukitoka kwenye kumbi za hoteli tunafika kwenye ile Ekspo inayotajwa katika habari za ulimwengu, ya Dubai au ya Osaka. Hii ina sheria zake, na ndiyo inayochanganywa zaidi na soko.

Mwaka 1851, London iliandaa maonyesho makubwa ya mataifa ndani ya jengo la chuma na vioo lililoitwa Crystal Palace. Aliyelibuni, Joseph Paxton, alikuwa mtunza bustani aliyezoea kujenga nyumba za vioo za mimea. Walifika wageni takriban milioni 6 katika miezi isiyozidi sita. Mwanzoni kiingilio kilikuwa cha matajiri tu. Kiliposhushwa hadi shilingi moja kwa siku za kawaida, wafanyakazi wa viwandani na familia zao wakamiminika kwa treni. Faida iliyobaki ilinunua ardhi ambayo makumbusho makubwa ya London yamejengwa hadi leo. Swali letu la kiingilio, kwa hiyo, ni la tangu mwanzo.

Baada ya hapo kila jiji lenye fahari likataka lake. Philadelphia mwaka 1876 watu waliiona simu ya Alexander Graham Bell. Paris mwaka 1889 ulijengwa mnara wa Eiffel kama lango la maonyesho, ukitarajiwa kusimama miaka 20 tu. Chicago mwaka 1893 George Ferris alijenga gurudumu kubwa la kubeba watu, lenye kimo cha mita 80 hivi, na mabembea ya duara ambayo watoto wetu huyapanda siku za Idi ni wajukuu zake.

Tatizo likawa wingi. Miji ilishindana, tarehe ziligongana, na nchi zilichoka kualikwa kila mwaka kujenga banda la gharama. Ndipo mwaka 1928 mataifa yakatia saini mkataba mjini Paris, na ikaundwa ofisi ya kimataifa ya maonyesho ambayo makao yake yako huko huko Paris. Wengi hudhani ofisi hii ni tawi la Umoja wa Mataifa. Ni chombo kinachojitegemea, kina umri mkubwa kuliko Umoja wa Mataifa, na wanachama wake wanazidi nchi 180.

Mkataba wenyewe unaonyesha mpaka kwa uwazi wa kupendeza. Hauhusu maonyesho ya chini ya wiki tatu, wala maonyesho ya sanaa, wala yale ambayo lengo lake hasa ni biashara. Kwa hiyo ekspo ya siku mbili ya Nyali haimo, Sabasaba haimo, na maonyesho makubwa ya magari au simu ya Ulaya hayamo. Inayobaki ni ile ambayo mataifa huitana kuonyeshana maarifa na namna wanavyokabili matatizo ya pamoja. Ekspo Dunia huja kila baada ya miaka 5 na hudumu hadi miezi 6. Katikati huweza kuwepo Ekspo Maalumu, ndogo zaidi, ya miezi isiyozidi 3, kama itakayofanyika Belgrade mwaka 2027. Kuna pia ya kilimo cha bustani, kama ile ya Doha iliyoanza Oktoba 2023.

Mshiriki mkuu hapo ni serikali. Nchi ndiyo inayopewa mwaliko, nchi ndiyo inayosimamisha banda, nayo ndiyo inayobeba gharama. Ekspo 2020 ya Dubai iliahirishwa na korona ikafanyika kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022. Nchi 192 zilishiriki, Kenya ikiwemo, na ziara zilizohesabiwa zilifika milioni 24. Aliyekwenda akidhani atapata friji za bei rahisi alikosea njia. Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, ndiko kwenye maduka. Osaka mwaka 2025 ilifanyika kwenye kisiwa kilichotengenezwa na binadamu, ikizungukwa na pete kubwa ya mbao yenye mzunguko wa kilomita 2 hivi ambayo watu walitembea juu yake. Pete ile haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa ya kuonyesha kwamba ufundi wa kale wa kuunganisha mbao unaweza kujenga kitu kikubwa hivyo leo.

Nani anaweka nani nje?

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi ya kifahari kuhusu Ekspo hulipita kwa haraka, nami siwezi kulipita. Ikiwa maonyesho ni kuweka kitu nje kikaonekana, lazima tuulize nani anaweka, na kama kinachowekwa kimekubali.

Mwaka 1851, kati ya vitu vilivyowavuta watu Crystal Palace ilikuwa almasi ya Koh-i-Noor. Waingereza walikuwa wameichukua Punjab miaka miwili tu kabla, walipoiteka nchi na kumlazimisha mfalme wake, aliyekuwa bado mtoto, kuitoa. Watu walipanga foleni kuitazama kama mali ya malkia. Aliyenyang'anywa hakuwa na banda.

Kisha wakaanza kuonyesha watu. Paris mwaka 1889, katika maonyesho yale yale ya mnara unaopigwa picha kila siku, wageni walitembezwa kwenye vijiji vya kuigiza ambamo Waafrika na Waasia kutoka makoloni waliishi wakitazamwa. Mwaka 1897, maonyesho ya Brussels yalikuwa na sehemu ya koloni kule Tervuren, nje kidogo ya mji. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliagiza watu 267 waletwe kutoka Kongo, wakawekwa kwenye vijiji kando ya ziwa, wakipika, wakipiga makasia na kucheza ngoma mbele ya umati. Hali ya hewa iliwaua. Saba walifariki na kuzikwa huko huko. Wakati ule ule, nyumbani kwao, utawala wa Leopold ulikuwa ukiwalazimisha watu kukusanya mpira kwa mateso ambayo dunia ilikuja kuyajua baadaye. Sehemu hiyo haikuwekwa nje.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya kale. Mwaka 1958, Brussels iliandaa tena Ekspo, na tena kulikuwa na kijiji cha Wakongo, safari hii kikiwa na mafundi wa sanaa. Wageni waliwatupia pesa na ndizi juu ya ua. Mafundi hao walichoka kudharauliwa wakaondoka kabla Ekspo haijaisha. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikawa huru. Wapo watu hai leo waliozaliwa kabla ya kijiji kile kufungwa.

Sisemi haya ili mtu achukie maonyesho. Nasema kwa sababu ufafanuzi wa neno hili haukamiliki bila hayo. Kitu kile kile, kupanga mambo mbele ya macho ya watu, kinaweza kuwa elimu au udhalilishaji, na tofauti inategemea kama anayeonyeshwa ndiye anayezungumza.

Hapa kwetu mfano wa kufikirisha uko ndani ya Fort Jesus. Mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome, meli ya kivita ya Wareno iitwayo Santo Antonio de Tanna ilizama mbele yake. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi wa akiolojia waliichunguza chini ya maji, na vitu vilivyotolewa humo vikawekwa kwenye makumbusho. Mgeni akitazama mabaki hayo ni rahisi kudhani vita vile vilikuwa vya Wareno na Waarabu peke yao, wenyeji wakitazama kwa mbali. Lakini kuna wakati Wareno karibu wote ndani ya ngome walikuwa wamekufa kwa maradhi, na walioishikilia walikuwa Bwana Daud wa Faza na watu wake, Waswahili wa visiwa vya Lamu. Vyungu na mizinga haviwezi kuyasema hayo. Lazima awepo mtu wa kuyaandika kwenye kibao kilicho kando, au kiongozi wa wageni anayeyajua. Kwa hiyo ukienda na watoto Fort Jesus, au Mkomani, au kwenye ekspo yoyote, wafundishe kuuliza nani aliyepanga vitu hivi, na nani hakuulizwa.

Afrika na banda lake

Ekspo Dunia iliyo chini ya ofisi ile ya Paris haijawahi kufanyika katika bara la Afrika. Sababu kubwa ni gharama: mwenyeji hujenga uwanja, barabara, reli na miundombinu ya kupokea mamilioni ya watu kwa miezi 6, kisha abaki na kazi ya kuamua majengo yale yatafanya nini. Mwenyeji huchaguliwa kwa kura, kila nchi mwanachama kura moja. Novemba 2023, Riyadh ilipata kura 119 kwa ajili ya Ekspo ya 2030, Busan ya Korea Kusini 29, Roma 17. Nchi ndogo ya Afrika na Ufaransa zina uzito sawa katika sanduku hilo, jambo ambalo halitokei kwingi.

Lakini uenyeji si njia pekee ya kuwa na sauti. Banda la nchi moja tu, likipangwa na watu wanaoijua kazi yao, linaweza kufanya mengi. Mabanda yetu ya kitaifa kwa kawaida hutegemea vitu vile vile: kahawa, chai, wanyamapori, wanariadha, na Pwani ikitajwa huwa ni picha ya mchanga mweupe na mnazi mmoja ulioinama. Mwambao una zaidi ya hayo. Una misitu ya kaya ya Wamijikenda, ambayo imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Una Mji wa Kale wa Lamu uliotangulia kwenye orodha hiyo mwaka 2001, na Fort Jesus iliyofuata 2011. Una mafundi wa majahazi wanaopinda mbao bila mchoro wa karatasi, wasusi wa mikeka, washairi wanaoweza kujibizana kwa mizani usiku kucha. Una elimu ya upepo wa kusi na kaskazi iliyoendesha biashara ya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Riyadh, kwa jiografia na historia, ni jirani wa biashara hiyo. Hakuna Ekspo ambayo Mwambao ungekuwa na la kusema zaidi kuliko hii.

Ekspo ya Riyadh itafunguliwa tarehe 1 Oktoba 2030. Maamuzi ya nini kiwekwe bandani hufanywa mapema kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi na maafisa wachache ofisini, si kwa ubaya bali kwa sababu hakuna aliyewaandikia. Vikundi vya mafundi, wasusi, wavuvi na wazee wa kaya vinaweza kuandika sasa kwa kaunti zao na kwa wizara inayohusika na biashara, vikaomba nafasi. Na visiombe tu kazi zao zipelekwe. Viombe pia tiketi ya mtu wa kwenda kusimama kando ya kazi hizo, aeleze kwa mdomo wake kilichotengenezwa na mikono yake, na ajibu maswali ya wageni mwenyewe.